Utapandisha Nini Dunguni?

Dumu la lita 20 halitupwi. Likipasuka ubavuni hukatwa katikati: kipande cha chini kikawa chombo cha kunyweshea kuku, cha juu kikawa faneli ya kumiminia mafuta. Mpini ukivunjika, hufungwa kamba. Likichoka kabisa, hujazwa udongo ukapandwa mchicha. Nani basi atathubutu kulitupa? Linabaki. Linabaki na wenzake nyuma ya mlango wa stoo, uvunguni, juu ya kabati, pembeni mwa choo, mpaka siku moja unautaka ufagio, unauona kabisa, na huwezi kuufikia.

Nimekulia katika nyumba za namna hiyo, Kibiti mjini na vijiji vya njia ya Nyamisati, na sijakutana na mwenye nyumba aliyerundika makorokoro kwa uzembe. Kila kitu kikiulizwa peke yake kina jibu. Feni haina panga, lakini mota nzima. Chandarua kimetoboka, lakini kitazungushiwa bustani kuku wasiparue. Bati lina kutu nusu, nusu nyingine itaziba banda. Simu imekufa kioo, betri haijafa. Ukisimama mlangoni ukaanza kuhoji kimoja kimoja, utashindwa hoja mara zote, maana kweli kila kimoja kitafaa, na mwenye nyumba anakumbuka kwa ushahidi siku ambayo kipande cha waya kilichokaa miaka mingi bila kazi ndicho kilichookoa harusi. Uamuzi wa kuhifadhi ulikuwa sahihi kila ulipofanywa. Ni jumla yake tu ndiyo imekalia kitanda.

Hapo ndipo mtu anapokwama. Anaamka Jumamosi na nia njema, anafunga kanga kiunoni, anashika kitu cha kwanza, kitu kinajitetea, anakirudisha. Anashika cha pili. Mpaka jua linapofika utosini amehamisha vitu kutoka kona ya kushoto kwenda kona ya kulia, mgongo unamuuma, na stoo imezidi kujaa kwa sababu sasa vimevurugika.

Kitabu cha Mjapani Marie Kondo kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2014 kilizunguka dunia nzima kwa shauri moja: shika kila kitu mkononi, jiulize kama kinakupa furaha, kisichokupa, kiage kwa shukrani. Sina ugomvi na mama huyo. Ila dumu halimpi mtu furaha, linampa maji. Jembe halichangamshi moyo. Na huku kwetu kitu kinachofurahisha kweli, kama seti ya vikombe yenye maua ya dhahabu, ndicho kinachokaa kwenye boksi hakitumiki. Swali la furaha linamfaa mtu ambaye akikosea kutupa atanunua kingine kesho.

Lakini kwamba mrundikano unaumiza, hilo halina ubishi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Darby Saxbe na Rena Repetti, walichapisha matokeo ya utafiti wao kwa wanandoa wa familia 30. Waliwaacha waeleze nyumba zao kwa maneno yao wenyewe, wakapima kwenye mate yao kortisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo na ambayo kwa kawaida hushuka siku inavyokwenda. Wanawake walioisimulia nyumba kama mahali pa vurugu na kazi zisizokwisha, homoni yao haikushuka ipasavyo. Kwa waume zao jambo hilo halikujitokeza namna ile. Kibiti hatukuhitaji kupima mate. Baba yuko barazani kwenye bao. Stoo iko ndani, na anayeulizwa na mgeni iliko ndoo ni mama.

Sasa nitoke California nishuke bondeni.

Rufiji ni mto unaofurika, na Warufiji wamekula kwa kufurika kwake. Maji yanapanda, yanaacha rutuba, yanashuka. Mpunga unakwenda nayo, na yakishakupwa unapandwa mlau, yaani mahindi na mboga za kwenye unyevu unaobaki. Mwaka 2007 watafiti Stéphanie Duvail na Olivier Hamerlynck waliuliza katika andiko lao kama mafuriko ya Rufiji ni balaa au baraka, na mkulima wa kule angewajibu kwamba inategemea yamefika mwezi gani na yamepanda hadi wapi. Serikali ilikwisha kujibu mapema kwa upande wake. Baada ya mafuriko ya 1968 ilianzishwa Operesheni Rufiji, watu wakatolewa bondeni wakapelekwa nchi ya juu, kabla ya vijiji vya ujamaa kuenea nchi nzima. Nyumba zikapanda mlimani. Rutuba haikuhama. Kwa hiyo familia nyingi zikawa na maisha ya sehemu mbili: nyumba ya kudumu juu, na dungu shambani.

Asiyelijua dungu hudhani ni kichanja cha kulindia ndege. La Rufiji ni nyumba. Limesimama juu ya nguzo ndefu, limeezekwa kwa nyasi au makuti, lina sakafu ya miti na ngazi. Maji yakija yapite chini. Nguruwe, nyani na viboko waonekane kutoka juu kabla hawajafika kwenye mpunga. Familia inaweza kukaa humo msimu mzima, kupika, kulala, kuuguza, kugombana na kupatana. Na sakafu ya miti ina kikomo cha uzito, kisha mpunga wenyewe ukivunwa utahitaji nafasi.

Basi mtu anayehamia shamba anabeba nini? Jembe na panga. Sufuria, mwiko, kisu. Chumvi na kibiriti kwenye kopo lenye mfuniko. Mkeka, shuka, chandarua. Dumu moja la maji, na ni moja kweli. Tochi. Dawa kama kuna mgonjwa. Ngazi ya dungu inaamua mengine, kwa sababu mkono mmoja unashika ngazi na mmoja unashika kitu, na kila kitu lazima kipandishwe na mtu anayejua kwamba atakuja kukiteremsha. Hakuna anayesimama chini ya dungu akijiuliza aache nini. Anauliza apandishe nini, na kisichotajwa kimebaki nyumbani bila kesi.

Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuikalia kidogo. Ukiuliza "nitupe nini?", kila kitu kinakuwa mshitakiwa, na wewe ni hakimu mwenye huruma unayeijua familia yake. Ukiuliza "nipandishe nini?", hakuna anayehukumiwa. Unachagua tu, na watu wa bondeni wanachagua haraka kwa sababu wamefanya hivyo kila mwaka. Vilivyobaki havikukataliwa. Havikuchaguliwa, basi, na kitu ambacho hakikuchaguliwa ni rahisi zaidi kukitafutia pa kwenda kuliko kitu ulichokihukumu.

Shangazi yangu, ambaye ujana wake aliumalizia bondeni na sasa anaishi Kibiti, alikuwa na chumba ambacho mlango wake ulifunguka kwa kusukumwa na bega. Wanawe walikwisha kujaribu kumsafishia, ikawa ugomvi. Nilipokwenda alinipokea kwa tahadhari.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekuja kunitupia vitu?"

"Sitatupa hata kijiko. Maji yanakuja, shangazi. Tunapanda dunguni. Unabeba nini?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha, akiwa pale pale kwenye mkeka, akaanza kunyoosha kidevu: ile sufuria ya pili kutoka juu, siyo hiyo, ile yenye masikio mawili. Mbuzi ya nazi. Jembe lenye mpini mpya. Chandarua kilichomo kwenye mfuko. Kopo la vyeti. Mkeka ule, mwingine uache. Ungo mmoja. Hakusita hata kwa kimoja. Vitu vyake vya kweli vikakaa kando ya mlango, na havikuwa vingi. Ndipo akatazama rundo lililobaki kama mtu anayewatazama wageni waliopitiliza siku za kukaa, akasema, "Na hawa nao wana kwao."

Zamani nyumba ilikuwa inamsaidia mtu kuchagua. Miti ya mikoko iliyokatwa katika delta ya Rufiji ilisafirishwa kwa majahazi hadi Unguja na Uarabuni, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba: vyumba vya mawe vya pwani ni virefu na vyembamba kwa sababu mti wa mkoko unaofaa kubeba dari hauvuki sana mita tatu. Chumba chembamba, kitanda cha kamba, sanduku, na umemaliza. Siku hizi tunaezeka kwa mbao za kupasua na mabati, chumba kinapanuka, na barabara ya lami inaleta mabeseni ya plastiki ya kila rangi kutoka Kariakoo kabla jua halijazama. Sitamani kurudi kwenye sanduku moja. Nasema tu kwamba kazi ambayo boriti iliifanya kimya kimya imemwangukia mtu, tena aliyechoka.

Lakini swali la dungu si la kuchezea, na kuna nyumba ambazo sitaliuliza. Aprili 2024, katika mvua kubwa za masika, mto uliingia vijiji vya Rufiji na Kibiti, mashamba yakazama, Muhoro watu wakapita kwa mitumbwi mahali walipokuwa wakipita kwa miguu, na maelfu wakahama. Ubishi ukazuka papo hapo kuhusu Bwawa la Julius Nyerere lililoko juu ya mto, ambalo lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na kama maji yaliyofunguliwa kule yaliongeza shida au bwawa liliipunguza. Ubishi huo siuamui hapa. Ninachokijua ni kwamba kuna watu waliulizwa "unapandisha nini?" na maji yenyewe, usiku, na jibu likawa mtoto na simu. Magodoro, mbegu, vyeti vya shule, vyote vikaenda.

Mtu wa namna hiyo ukimkuta leo na chumba kilichojaa mablanketi ya msaada, ndoo saba na magunia matupu yaliyokunjwa, usimletee falsafa ya kupunguza. Anajibu mafuriko. Amejifunza kwamba vitu vinaweza kuondoka vyote kwa mara moja, na anajaza nyumba kama anayeweka akiba ya kuondokewa tena. Wenye kushauri juu ya usafi wa nyumba huzungumza kana kwamba mrundikano ni kukosa nidhamu. Mara nyingi, nathubutu kusema mara nyingi zaidi, ni kumbukumbu. Anayekusanya aliwahi kukosa.

Kuna na rundo jingine ambalo dungu halilisaidii, nalo ni deni. Nenda shughuli yoyote ya wanawake, iwe harusi, unyago au arobaini ya mtoto, uone mabeseni, masinia, ndoo, seti za sahani na doti za kanga zinavyopita kwa nderemo. Kila chombo kimeandikwa mahali, kwenye daftari au kichwani: fulani alinitunza beseni kubwa, siku yake nami nitampelekea kubwa. Vyombo hivi vinakaa nyumbani lakini si vya nyumbani. Vinasubiri. Ukimwambia mwanamke agawe masinia yake, umemwambia atoroke madeni yake, na hatatoroka. Shida imekuja pale mchango ulipoanza kutumwa kwa simu. Deni la beseni sasa linalipwa kwa shilingi, beseni linabaki, na daftari halijui liandike nini.

Shangazi alilitatua hili kwa kuharakisha. Badala ya kusubiri aliyemtunza aozeshe mjukuu, alianza kupeleka vyombo kwenye shughuli yoyote ya karibu, akitangaza kwa sauti kwamba ni vya deni na vinakwenda kabla ya siku. Waliopelekewa walishangaa kidogo. Masufuria makubwa ya msiba aliyapeleka kwa kina mama wa mtaa, ambao wana vyombo vyao vya pamoja vya kuazimana, kwa sharti kwamba likihitajika sufuria kwake asiulizwe ada. Nguo za marehemu mumewe zilikwisha kutolewa sadaka baada ya eda. Kofia moja ilibaki, na hakuna aliyemuuliza.

Huwa naufikiria mto wenyewe. Rufiji hubeba mchanga na tope kutoka nchi ya ndani, na ukikaribia bahari haujaribu kupita na mzigo wote kwa mlango mmoja. Unagawanyika: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala na vijito visivyo na idadi, kila mkono ukitua sehemu yake, na katika tope hilo umeota msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko wote wa pwani ya Afrika Mashariki. Hata milango yenyewe hubadilishana kazi. Tangu miaka ya mwisho ya 1970 maji mengi yamehamia mikono ya kaskazini, ya kusini ikapungukiwa, na wakulima wa mpunga wakayafuata.

Mwenye stoo iliyojaa aghalabu anasubiri mlango mmoja. "Nitakodi kirikuu siku moja, nitoe vyote." Siku hiyo ina ada, ina mashahidi, ina aibu ya majirani kuona yanayotoka, kwa hiyo haifiki. Lakini vitu havikuingia kwa kirikuu. Viliingia kimoja kimoja kwa milango tofauti, na ndivyo vinavyokubali kutoka. Feni na sufuria iliyotoboka ni za mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na mzani wake. Magunia ni ya mwenye mpunga, na mpunga una msimu, kwa hiyo yanasubiri msimu. Daftari zenye kurasa tupu ni za mtoto wa jirani. Nguo ni za gulio. Nyavu ni za mvuvi, ambaye atazitazama na kusema ukweli kama bado ni nyavu. Na kuna kitu cha jalalani, kweli kipo, tusijidanganye, ila kinakuja mwisho na ni kidogo kuliko mtu alivyoogopa.

Mara chache serikali hufungua mlango kwa niaba ya watu. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania, na ule mfuko wa rambo uliojaa mifuko mingine ya rambo, uliokuwa ukining'inia kwenye msumari wa jiko katika kila nyumba ninayoijua, ukakosa sababu ya kuishi. Sikumsikia yeyote akiulilia.

Jambo ambalo washauri wa mbali hawalitaji ni nani anabeba. Kutoa kitu ni kazi ya kichwa na bega la mtu. Nyumba iliyoko delta, tuseme Mbwera au Salale, friza lililokufa haliondoki kwa kuamua. Linahitaji mashua, watu wa kulinyanyua, na maji yaliyojaa, maana yakikupwa mashua imepwelewa na mzigo wake hadi maji yarudi. Mnunuzi wa vyuma naye anapiga hesabu ya nauli kabla ya hesabu ya chuma. Historia ya hapa ina mfano wake mkubwa. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha katika mikono hii ya mto mwishoni mwa 1914 na ikazamishwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake yote 10 ilitolewa topeni ikaenda kupigana nchi kavu. Mitatu inayojulikana kuwapo imefika mbali kweli: mmoja uko Pretoria, mmoja Jinja, mmoja Mombasa kwenye Ngome ya Yesu. Vitabu vinamsifu kamanda kwa werevu wa kutopoteza kitu. Waliovuta ni Waafrika, kwa kamba na mabega, na ubao wa maelezo penye mzinga hauna majina yao.

Kwa hiyo mtoto wa mjini anayemwambia mama yake kwa simu "toa hivyo vitu, mama" aje na mabega yake. Kila likizo aondoke na kitu kimoja chenye pa kwenda. Wengi hatufanyi hivyo. Tunakuja na kingine. Friji jipya kwa mama, la zamani libaki "la akiba". Nusu ya rundo la shangazi ilikuwa zawadi zetu.

Chumba chake sasa mlango unafunguka wote, ingawa siyo kwamba kiko kitupu. Madumu yamepungua yakabaki manne, na mawili tu yana kazi. Tulibishana juu ya nyavu: nilimwambia zimeoza, akaniambia nyavu za marehemu haziozi mpaka aseme mvuvi, na mvuvi mwenyewe, mtu wa Nyamisati, ameahidi kupita atakapokuja kuuza kamba. Sanduku la bati chini ya kitanda hatukuligusa. Ni la binti yake aliyeko Muscat, ufunguo anao yeye, na amesema atakuja baada ya Ramadhani.